Nairobi Mezani: Uliza Kabla ya Kuagiza

Wako watu wengi Nairobi wanaojinyima wiki kadhaa ili watoke jioni moja na wapendwa wao. Wanavaa vizuri, wanapanda teksi hadi Westlands au Hurlingham, wanaketi katika mkahawa wa Kihindi, wa Kichina au wa Kiethiopia, kisha wanaagiza kuku na chipsi. Si kwamba walitamani chipsi. Menyu ililetwa ikiwa imejaa majina wasiyoyajua, mhudumu akasimama kando na kalamu mkononi, watu wa meza ya pili wakawa wanakula kama waliozaliwa na chakula hicho, na mgeni akaona afadhali ataje anachokijua kuliko kuonekana mshamba. Pesa zimetoka na safari imefanyika, lakini kile kilichompeleka pale kimebaki jikoni.

Nawaandikia watu hao, maana nawaona kila mara na inaniuma. Ushauri wangu ni mmoja na mengine yote yanatoka humo: uliza kabla ya kuagiza, na uliza bila haya. Mwambie mhudumu wazi, "Dada, sijawahi kula chakula cha kwenu. Tuko wawili, hatuli pilipili nyingi, tungependa kutumia kiasi fulani. Utupe nini?" Maneno hayo machache yanafanya kazi nne kwa mpigo. Yanamjulisha idadi yenu, ladha yenu na mfuko wenu, na yanampa heshima ya mwenyeji anayemkaribisha mgeni. Sijaona mhudumu mwenye akili timamu aliyeudhika kwa kuulizwa hivyo. Wengi hufurahi, na wengine humwita mpishi mwenyewe.

Kwanza ujue vyakula hivi vimefikaje hapa, kwa sababu hilo ndilo litakalokuonyesha pa kwenda. Havikuletwa na watalii, vililetwa na watu waliokuja kuishi. Reli ya kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria ilijengwa kati ya 1896 na 1901 kwa mikono ya maelfu ya vibarua kutoka India, na waliobaki, pamoja na wafanyabiashara waliowafuata, wakaleta majiko yao. Chapati ambayo leo ni chakula cha Krismasi katika nyumba nyingi za Kenya ilitoka huko. Waethiopia wengi walikimbia nchi yao baada ya mapinduzi ya 1974. Wasomali waliongezeka sana Eastleigh serikali yao ilipoanguka mwaka 1991. Umoja wa Mataifa ulipoliweka shirika lake la mazingira Nairobi, Gigiri ikapata walaji wa kila taifa. Wachina wakazidi na ujenzi wa barabara ya Thika na reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017.

Kwa hiyo mkahawa mzuri wa chakula fulani mara nyingi uko karibu na wanakoishi wenye chakula chao. Chakula cha Kihindi kitafute Parklands na Westlands, cha Kisomali Eastleigh, cha Kiethiopia na cha Kichina Hurlingham na Kilimani. Ukifika mlangoni, tazama walioketi ndani. Ukiona familia ya Kihindi yenye bibi na wajukuu, au wazee wa Kichina wanaobishana kwa sauti juu ya bakuli la supu, ingia bila wasiwasi. Ukiona menyu yenye piza, sushi, biriani, taco na nyama choma kwa pamoja, mimi ningegeuka. Jiko moja haliwezi kuyafanya yote hayo vizuri, na hasa sushi nisingeila mahali pa namna hiyo.

Kama ni mara yako ya kwanza kabisa, nenda kwa Waethiopia. Sina shaka na hilo. Meza yao inamsamehe mgeni kuliko zote, na desturi zao ziko karibu na zetu: watu wananawa, wanakula kwa mkono wa kulia, wanakula sinia moja. Chakula chenyewe hukaa juu ya injera, mkate mpana, laini, wenye vitundu vidogo juu na uchachu unaotokana na unga wake kuumuliwa kwa siku kadhaa. Asili yake ni tefu, nafaka ya Ethiopia yenye punje ndogo sana. Hutaletewa uma. Unakata kipande cha injera kwa vidole, unakikunja juu ya mchuzi au nyama, unabana na kupeleka mdomoni. Vipande vilivyokunjwa pembeni ni vya kumegea. Ile injera ya chini iliyolowa mchuzi huliwa mwishoni, na wanaoijua huisubiri kwa hamu.

Agizeni sinia moja kwa watu wawili au watatu badala ya kila mtu sahani yake. Tibs ni nyama iliyokatwa vipande vidogo na kukaangwa kwa vitunguu na pilipili, na haimpi taabu Mkenya aliyezoea nyama ya kukaanga. Doro wat ni kuku katika mchuzi mzito mwekundu, pamoja na yai la kuchemsha, na ni mkali. Shiro ni uji mzito wa unga wa dengu au mbaazi wenye viungo, laini, hata watoto huupenda. Kitfo ndiyo ya kuulizia kwa makini, kwani ni nyama ya ng'ombe iliyosagwa na kuchanganywa na siagi yenye viungo, na kwa desturi huliwa mbichi. Ukitaka kuionja lakini nyama mbichi inakutisha, omba "leb leb", yaani ipitishwe motoni kidogo, au sema iive kabisa. Watakupikia. Mjamzito asiikaribie ikiwa mbichi, wala mtu ambaye mwili wake umedhoofishwa na ugonjwa.

Mwenyeji wa Kiethiopia akikunja tonge akakunyooshea mdomoni, usirudi nyuma. Hiyo wanaiita gursha, na ni alama ya upendo na heshima. Fungua mdomo, pokea, na ukiweza mrudishie. Halafu usiondoke kabla ya kahawa kama una muda. Buni hukaangwa mbele yenu, moshi wake hupitishwa mnuse, hutwangwa au kusagwa, kisha huchemshwa katika birika la udongo na kumiminwa katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Kwa desturi huwa duru tatu, na jambo lote laweza kuchukua saa nzima. Basi waulize mapema kama wanaifanya siku hiyo, na usiiagize ukiwa na haraka ya kuwahi matatu.

Kwa Wahindi, kosa la kawaida ni kudhani kwamba chakula chao ni kimoja. Mikahawa mingi ya Nairobi inapika vya kaskazini: nyama na kuku wa tanuri, mikate ya naan, mchuzi mzito wenye krimu au maziwa ya mtindi. Vya kusini ni vingine kabisa. Kuna dosa, mkate mwembamba mkavu wa mchele na dengu uliokunjwa na viazi ndani, na kuna idli, vitumbua vyeupe vya mvuke, vyote vikiliwa na mchuzi mwepesi wa sambar na chatini ya nazi. Wagujarati nao wana thali, sinia lenye vibakuli vingi vya mboga, dengu, mkate, wali na kitu kitamu. Katika mikahawa mingi ya thali wahudumu huzunguka wakiongeza hadi uwazuie, basi uliza kama bei ni ya kuongezewa. Ukiwa na njaa kubwa na pesa kidogo, hakuna mlo unaokufaa zaidi mjini. Na mtu wa Mombasa asishangae biriani ya Kihindi ikija wali na nyama vimepikwa pamoja tabaka kwa tabaka. Ile ya kwetu pwani, yenye wali pembeni na masala yake peke yake, ni ndugu wa hiyo, lakini si ile ile.

Ukienda kwenye vibanda vya chakula vya Diamond Plaza kule Highridge, Parklands, jiandae. Hata hujakaa vizuri, wahudumu wa vibanda mbalimbali wameshakuzunguka, kila mmoja na menyu yake, kila mmoja akikuhakikishia kwake ndiko. Usikasirike na usikubali haraka. Pokea menyu, waambie kwa upole, "Asanteni, tutawaita," kisha tembea kidogo uone wengine wanakula nini. Mnaweza kuagiza kwa zaidi ya kibanda kimoja. Kumbukeni tu kwamba kila kibanda huja na bili yake, na mtu mmoja mezani awe anahesabu.

Pilipili ikikushinda, usikimbilie maji. Kinachowasha ndani ya pilipili hakiyeyuki katika maji, kwa hiyo maji hukisambaza tu mdomoni. Maziwa au mtindi hukiondoa, na ndiyo maana Wahindi huweka mtindi wenye matango mezani na kunywa lassi, kinywaji cha mtindi. Agiza lassi pamoja na chakula, usingoje machozi. Kisha ukiulizwa ukali unaotaka, sema chini ya unavyodhani. Pilipili inaweza kuongezwa mezani, kuipunguza haiwezekani.

Eastleigh nendeni mchana. Wali wa Kisomali huja umekolezwa viungo, na juu yake nyama ya mbuzi iliyopikwa hadi inaachana na mfupa, au ya ngamia kwa anayetaka kujaribu. Ndizi mbivu inayowekwa kando si ya baadaye. Inamenywa na kuliwa pamoja na wali, tonge la wali na kipande cha ndizi. Wengi wa watu ninaowapeleka hukataa mwanzoni, na wengi huomba ndizi ya pili. Mara nyingi mlo hutanguliwa na kibakuli cha supu na ndimu. Chai ya maziwa ya ngamia ni nzuri, ina chumvi kwa mbali, ila tumbo lisilozoea lianze na kikombe kidogo.

Kwa Wachina, sahani ni za meza nzima. Hesabu iliyo rahisi ni sahani moja kwa kila mtu na wali wa kugawana, na katika sahani hizo muwe na mboga, nyama au samaki, na kitu cha mchuzi. Zitakuja kadiri zinavyoiva, si kwa mpangilio, basi msisubiriane hadi chakula kipoe. Chakula cha jimbo la Sichuan kina kiungo kinachotia ganzi ulimini na midomoni. Asiyejua hushtuka akadhani amedhurika. Ni kawaida yake na hupita, lakini midomo ikivimba au pumzi ikibana, hilo ni jambo jingine na hospitali haingojwi. Mkiagiza sufuria ya mezani ambayo kila mtu anachovya nyama mbichi na kuipika mwenyewe, tengeni vijiti vya kushikia nyama mbichi na vingine vya kulia. Na vijiti, kwa Wachina na kwa Wajapani, havisimamishwi wima ndani ya bakuli la wali, kwa kuwa hivyo hufanana na ibada zao za wafu. Ukishindwa kuvitumia, omba uma. Hakuna aibu yoyote.

Samaki mbichi wa Kijapani huzua maswali mengi kuliko kitu kingine, na watu wana haki ya kuuliza, kwani Nairobi iko zaidi ya kilomita 400 kutoka baharini. Ujue hili: samaki wa kuliwa mbichi, kwa jumla, anatakiwa agandishwe kwanza ili minyoo ife. Mwongozo wa Marekani, kwa mfano, unataka nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Basi samaki aliyepita kwenye barafu si samaki wa ovyo. Lakini baridi haiui bakteria, kwa hiyo ulizia siku wanazopokea samaki, uende siku hizo, na uende mahali panapouza sushi nyingi kila siku. Asiyetaka kibichi ana sushi za kamba waliopikwa, za parachichi, au zilizokaangwa. Ile rojo ya kijani pembeni, wasabi, inapanda puani kwa ghafla. Chukua kiasi cha kichwa cha kiberiti kwanza.

Kuna maswali ambayo si ya ladha, ni ya dini na uhai, na hapo haya ni hatari. Mwislamu asitosheke na kusikia "hatuuzi nguruwe". Aulize mambo matatu: nyama imetoka wapi na imechinjwaje, kuna pombe katika upishi, na je, vikaango na mafuta ni vya pamoja. Wajapani na Wachina hupikia mvinyo wa mchele katika vyakula vingi ambavyo kwa macho havina dalili yoyote ya pombe, na katika menyu ya Kichina neno "nyama" tupu, bila jina la mnyama, kwa kawaida ni nguruwe. Vyeti vya halali hutundikwa ukutani. Simama uvisome, na uangalie tarehe ya mwisho. Asiyekula nyama naye ajue kwamba mboga za Kithai mara nyingi huwekwa sosi ya samaki.

Kwa mwenye mzio, usiseme "sipendi karanga". Sema, "Karanga zinanidhuru, zinaweza kuniua." Tofauti ya maneno hayo ndiyo inayomfanya mhudumu aende jikoni kuuliza badala ya kukujibu kwa kubahatisha. Yaandike kwenye simu, ampelekee mpishi ayasome. Karanga na ufuta vimejaa katika vyakula vya Kichina na Kithai, korosho husagwa katika michuzi ya Kihindi, sosi ya soya huwa na ngano, na injera, ingawa tefu haina gluteni, huenda ikachanganywa na unga mwingine. Akikujibu "nadhani haina", chukulia kwamba ina.

Sasa bili, ambapo jioni nyingi huharibika. Kabla ya kuagiza, soma maandishi madogo chini ya menyu. Tazama kama bei imeshajumuisha VAT ya asilimia 16 na ile tozo ya utalii ya asilimia 2, na kama wanaongeza ada ya huduma. Ikiwa ada ya huduma imo, hulazimiki kuacha kitu kingine. Ikiwa haimo na umehudumiwa vizuri, bakshishi ni jambo la utu, na mpe mhudumu mkononi, usiiache mezani. Maji ya chupa, mkate na wali mara nyingi hutozwa kando, kwa hiyo ukiletewa kitu usichoagiza, uliza, "Hiki ni cha bure au kiko kwenye bili?" Kwa Wakorea, vile vibakuli vidogo vya kabichi na mboga kwa kawaida ni vya bure na huongezwa. Penginepo usidhani hivyo. Ukilipa kwa M-Pesa, lipa kwa namba ya biashara iliyobandikwa, na hakikisha jina linalotokea ni la mkahawa kabla malipo hayajakamilika. Usitume kwenye simu ya mtu binafsi hata akiwa na sababu nzuri.

Mkienda kama marafiki, malizeni mazungumzo ya pesa kabla ya kutoka nyumbani: mnachanga sawa, au kila mtu na alichokula? Rafiki aliyekula supu tu asiwekwe katika hali ya kulipia kamba wa wenzake halafu anyamaze kwa aibu. Anayealika naye aseme wazi kwamba ni yeye anayelipa, ili wageni waagize wakiwa na amani.

Ukimpeleka mama au baba aliyekuja kutoka nyumbani, usimfanyie mtihani. Chagua mahali penye wali au mkate anaoutambua, pasipo muziki wa kupasua masikio, na uagize wewe kitu kipya kimoja katikati ya meza ambacho kila mmoja ataonja akitaka. Akionja vizuri, akiacha pia vizuri. Watoto nao waende mapema, saa kumi na mbili hivi, jiko likiwa bado tulivu. Kilichobaki msikione haya, mwambie mhudumu, "Nifungie." Ukifika nyumbani kiingie kwenye friji mara moja, hasa wali, maana wali uliolala nje huumiza tumbo hata ukipashwa moto.

Ukitaka kuanza bila kutumia pesa nyingi, nenda Jumatano au Ijumaa mchana kwa Waethiopia. Siku hizo Wakristo wa Orthodox hufunga nyama, mayai na maziwa, basi jiko lao huwa limejiandaa kwa sinia la mfungo linaloitwa beyaynetu: shiro, dengu nyekundu, sukuma, kabichi na viazi, vyote juu ya injera moja. Piga simu asubuhi uulize kama lipo na bei yake, mchukue rafiki mmoja, nawa mikono, na mwambie mhudumu kwamba ni mara yenu ya kwanza.